Kamati za Bunge la Uskoti: meno zinayo, hatamu anazo kiranja

Bunge la Uskoti ni la chumba kimoja. Hakuna seneti wala baraza la malodi la kuupitia mswada mara ya pili kabla haujawa sheria. Waliolisuka bunge hilo baada ya kura ya maoni ya Septemba 1997, ambapo asilimia 74.3 ya waliopiga kura waliafiki lianzishwe, waliliona pengo hilo wakaamua kuliziba kwa kamati. Bunge la London limezigawa kazi: kamati hizi huchambua miswada, zile huwahoji mawaziri. Edinburgh, yaliko makao ya Bunge la Uskoti, ikaziweka zote mbili mikononi mwa kamati moja, ikaipa na haki ya kuleta mswada wake yenyewe. Kwa maandishi, ni kamati chache za bunge zenye mamlaka ya kiwango hicho.

Zaidi ya miaka 25 tangu bunge likutane kwa mara ya kwanza, Mei 1999, ubishi haujaisha kama mpango huo umefaulu. Wanaosema umeshindwa hudai kamati ziongezewe mamlaka. Hapo ndipo ninapoachana nao. Mamlaka yapo tele. La kuuliza ni nani anayempeleka mbunge kwenye kamati na nani anayeweza kumtoa: ni kiranja wa chama chake, yaani mbunge anayesimamia nidhamu ya wenzake wa chama.

Wanaozitetea hawakosi ushahidi. Mswada wa kwanza kabisa ulioletwa na kamati ukawa sheria mwaka 2001, ukapanua ulinzi wa mahakama kwa wanaonyanyaswa majumbani, hata wasiokuwa wameoana na wanaowanyanyasa. Serikali haikuuleta; wabunge wa kamati ya haki ndio waliousimamia.

Kuna pia maombi ya wananchi. Saini moja tu yatosha ombi kufika mbele ya kamati. Mwaka 2014 wanawake wawili walipeleka ombi kuhusu nyavu za plastiki zinazopandikizwa nyongani kwa wanawake wenye matatizo baada ya kujifungua. Wengi wao walikuwa wameambulia maumivu ya kudumu, na walipolalamika hawakusikilizwa. Mbele ya kamati walisikilizwa, tena hadharani, na mwaka huohuo serikali ikaziomba hospitali zisitishe matumizi yake. Mwaka 2022 ikapitishwa sheria ya kuwarudishia fedha waliokuwa wamejilipia wenyewe kuziondoa. Ilichukua miaka minane, ndiyo, lakini sijui ni mlango gani mwingine wa serikali ambao watu wawili wangebisha ukafunguka.

Mfano ninaouona mzito zaidi ni wa kamati ya elimu. Sheria ya mwaka 2014 ilitaka kila mtoto apangiwe ofisa maalumu wa kufuatilia ustawi wake. Julai 2016 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikasema vipengele vya kupeana taarifa za mtoto vinakiuka haki ya faragha. Serikali ikarudi mwaka 2017 na mswada wa marekebisho. Kamati haikuukataa. Ilisema tu kwamba haiwezi kutoa maoni kabla ya kuonyeshwa mwongozo ambao walimu na wauguzi wangeufuata katika kupeana taarifa hizo. Mwongozo wa kuiridhisha haukupatikana, na Septemba 2019 serikali ikautupa mpango mzima. Mwenyekiti wa kamati ilipoweka msimamo huo alikuwa mtu wa chama tawala, SNP (Scottish National Party).

Upande wa pili nao una mambo yake. Mfumo wa uchaguzi wa Uskoti, wenye wabunge 73 wa majimbo na 56 wa orodha za kanda, ulikusudiwa kufanya iwe vigumu chama kimoja kutawala peke yake. Mwaka 2011 SNP kikapata viti 69 kati ya 129. Kwa kuwa kamati hufuata uwiano wa vyama bungeni, chama tawala kikajikuta na kura za kutosha humo pia. Desemba mwaka huo ikapita sheria dhidi ya tabia za kukera kwenye mechi za soka, kwa kura 64 dhidi ya 57, vyama vyote vya upinzani vikiipinga. Kamati ilisikiliza mashabiki, polisi na wanasheria, na tahadhari zilitolewa mapema kabisa. Hazikubadili kitu. Machi 2018, SNP ikiwa imepoteza wingi wake, sheria hiyo ilifutwa kwa kura 62 dhidi ya 60.

Kisha kuna suala la feri. Mwaka 2015 kiwanda cha Ferguson kilichopo Port Glasgow kilipewa mkataba wa pauni milioni 97 wa kuunda feri mbili. Novemba 2017 Waziri Kiongozi wa Uskoti wa wakati huo, Nicola Sturgeon, alizindua ya kwanza, Glen Sannox, huku baadhi ya madirisha yake yakiwa si ya kweli bali yamechorwa kwa rangi. Kamati ya uchumi wa vijijini ilitoa ripoti Desemba 2020 ikisema mpango mzima ulifeli vibaya sana. Ripoti ilikuwa kali na ya haki, ila kiwanda kilikuwa kimeshachukuliwa na serikali, na fedha zilikuwa zimeshakwenda. Glen Sannox ilianza kubeba abiria Januari 2025. Hapa siilaumu sana kamati: kazi ya kutunga sheria huzila saa zake, na kuikagua serikali hubaki na makombo.

Lakini tukio linalosema mengi kuliko yote ni la Machi 2021. Kamati maalumu ya watu tisa ilikuwa ikichunguza jinsi serikali ilivyoshughulikia malalamiko ya unyanyasaji wa kingono dhidi ya Alex Salmond, Waziri Kiongozi aliyemtangulia Sturgeon. Kwa kura tano kwa nne iliamua kwamba Sturgeon aliipotosha. Wanne waliopinga wote walikuwa wa SNP. Siku moja kabla ya ripoti hiyo, mwanasheria James Hamilton, katika uchunguzi wake huru, alisema hakuona kwamba Sturgeon alikuwa amevunja kanuni za mawaziri. Wafuasi wa Sturgeon wakasema kamati ni genge la upinzani. Wapinzani wakasema wale wanne walikuwa wakimlinda kiongozi wao. Mtu asiyesoma hata ukurasa mmoja wa ushahidi angeweza kubashiri kura nane kati ya tisa. Ya tisa ilikuwa ya Andy Wightman, aliyekihama chama cha Kijani miezi michache kabla na kubaki mbunge huru.

Ndiyo maana nashawishika na pendekezo la tume ya mageuzi ya bunge ya mwaka 2017, kwamba wenyeviti wachaguliwe na wabunge wote badala ya kuteuliwa na vyama. London imekuwa ikifanya hivyo kwa kamati zake nyingi za uchunguzi tangu 2010. Wanaopinga wana jibu zuri: London ina wabunge 650 wa kuchagua, Edinburgh 129, na ukiwatoa mawaziri, spika na manaibu wake wanabaki kama mia hivi, baadhi yao wakihudumu katika kamati mbili. Zaidi ya hayo, chama chenye kura nyingi kinaweza kumchagulia upinzani mwenyekiti mpole kuliko wote. Hofu hiyo si ya kupuuzwa.

Kwa hiyo ningeanza na jambo dogo zaidi: mbunge akishapangiwa kamati abaki humo hadi kipindi kiishe, isipokuwa ameteuliwa waziri au ameomba mwenyewe kutoka. Viranja wa vyama hawatalipenda. Watasema mpiga kura wa orodha ya kanda alichagua chama, hakuchagua mtu, hivyo chama kina haki ya kuwapanga watu wake kitakavyo. Kwa wale 56 hoja hiyo nadhani inasimama. Hao 73 wa majimbo walichaguliwa kwa majina yao.