Jiko la gesi lililovuka bahari

Niliporejea Mwanza baada ya miaka mingi ya kuishi Uingereza, nilipakia kwenye kontena jiko la gesi la kuchomea nyama, lenye mabomba matatu ya moto. Ndugu zangu wa Ilemela walilistaajabia kwa nusu siku, kisha wakaniuliza kwa nini nimesafirisha chuma chote hicho mpaka mji ambao sato huchomwa kwa mkaa tangu enzi za babu zetu. Swali lao lilikuwa la haki, na sitalijibu hapa. Ninachoshikilia ni kwamba jiko la namna hiyo linaweza kutumika huku bila hatari, mradi mwenyewe asikubali kuambiwa kwamba kazi yote ni kuunganisha midomo miwili isiyolingana, wa jiko na wa mtungi.

Fundi wa kwanza niliyemwita aliliona jambo hivyo hivyo. Regulata niliyokuja nayo, yaani kifaa cha mdomo wa mtungi kinachopunguza mgandamizo wa gesi, ilikuwa ya mtungi wa gesi ya propani wa Uingereza, ambao nati yake hukazwa kwa kuzungushwa upande wa kushoto, nayo haikukaa kabisa kwenye mtungi wa kilo 15 unaouzwa hapa. Akashauri tukate mpira na kufunga regulata kubwa yenye kitasa cha kuongeza presha, ile ambayo mama lishe huitumia kwenye majiko makubwa ya pilau. "Mzee, gesi ni gesi," alisema, "mdomo ukiingia, umemaliza." Pamoja na heshima yangu kwa mikono yake, ushauri huo ndio unaounguza nyumba, kwa sababu regulata ya aina ile inaweza kupitisha gesi kwa mgandamizo unaozidi mara kumi ule ambao jiko langu liliundiwa.

Jibu lilikuwa ubavuni mwa jiko lenyewe, kwenye kibati ambacho sikuwahi kukisoma kwa miaka yote niliyolitumia. Kimeandikwa kwamba jiko hutumia gesi ya butani kwa mgandamizo wa milibari 28 hadi 30, au propani kwa milibari 37, bila kubadilisha nozeli, vile vitundu vinavyopitisha gesi kuingia kwenye mabomba. Gesi ya mitungi yetu ni mchanganyiko wa hizo mbili. Wenzetu wa nchi za baridi hupendelea propani kwa sababu butani hugoma kugeuka mvuke joto linapokaribia nyuzi 0, ilhali propani huendelea hata kwenye baridi kali ya kugandisha maziwa na mito, shida ambayo Mwanza haitaijua. Kwa hiyo nilihitaji regulata ya kawaida ya nyumbani, isiyo na kitasa, iliyochongwa milibari 30 na yenye mdomo wa mtungi wa hapa, pamoja na mpira mpya wa gesi na vibano viwili. Kazi haikuchukua hata saa moja, ukiondoa muda wa kupaka povu la sabuni kwenye kila kiungio na kutazama kama kuna mahali panapotoa mapovu.

Mambo ni tofauti kwa jiko lililotengenezwa kutumia gesi asilia ya bomba, kama mengi ya Marekani. Nozeli zake zina tundu kubwa zaidi, na ukiliwekea gesi ya mtungi litatoa mwali wa kutisha wenye masizi. Kama huwezi kupata nozeli sahihi kutoka kwa mtengenezaji wake, ningekushauri uliache hukohuko. Kutoboa au kuziba nozeli kwa kukisia ni ujinga, hata ukifanywa na fundi hodari.

Baada ya hapo yalibaki marekebisho ambayo hakuna aliyenitajia. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu kwa takriban sehemu moja ya nane ukilinganisha na pwani, kwa hiyo mwali wangu ulikuwa na ncha za njano mpaka nilipofungua zaidi kidirisha cha hewa kwenye kila bomba, ukawa wa buluu. Bomba moja lilikuwa likiwakia nyuma, karibu na vitasa, jambo lililonitia hofu kweli. Nilipolichomoa nikakuta utando wa buibui aliyehamia ndani jiko likiwa stoo. Halafu kuna upepo wa alasiri unaotoka ziwani, ambao huzima moto mdogo bila kelele huku gesi ikiendelea kutoka na, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, kutulia chini. Sasa mgongo wa jiko unaelekea ziwani, na mtungi unakaa pembeni mahali pa wazi.

Regulata ya Uingereza ingali kwenye droo, ikimsubiri yeyote anayehamia huko. Mpira wake niliukata vipande siku ileile, ili fundi mwingine asije akauona na kupata wazo.