Chombo cha maua cha Ozu: filamu isomwe kwa umbo lake au kwa utamaduni wake?

Katika filamu ya mwongozaji Mjapani Yasujirō Ozu ya mwaka 1949, ambayo nje ya Japani hujulikana kama Late Spring, baba na binti yake wamelala chumba kimoja katika nyumba ya wageni mjini Kyoto. Ni safari yao ya mwisho pamoja kabla binti hajaolewa. Baba anapitiwa na usingizi katikati ya mazungumzo, na binti anatazama dari huku akitabasamu. Ghafla tunaonyeshwa chombo cha maua pembeni mwa chumba, na nyuma yake vivuli vya majani kwenye mlango wa karatasi. Tukirudi kwa binti, tabasamu limetoweka na machozi yanamlengalenga. Kisha tunaonyeshwa chombo tena. Hakuna anayekigusa wala kukitaja.

Sekunde hizo chache zimewagombanisha wahakiki kwa miongo kadhaa. Paul Schrader, katika kitabu chake cha mwaka 1972, alikiona chombo hicho kuwa kituo cha utulivu kinachopokea hisia nzito bila kuzitatua, akauhusisha utulivu huo na sanaa za Kizen, yaani za Zen, tawi la Ubuddha. Kristin Thompson, mwaka 1988, alikataa: kwake chombo hakina maana iliyofichika, na kitu kingine kingeweza kushika nafasi yake, kwa kuwa kazi yake ni kukatiza mtiririko wa hadithi. Mwaka huohuo David Bordwell alitoa kitabu kizima juu ya Ozu, akidai kwamba mtindo wake ni kanuni alizojiwekea mwenyewe, na kwamba zinadaiwa zaidi na sinema za Hollywood alizozipenda na maisha ya mijini ya zama zake kuliko falsafa za kale.

Aliyelelewa na uhakiki wa fasihi ya Kiswahili anaweza kudhani kwamba huu ni ule mjadala wetu wa fani na maudhui. Sivyo hasa, kwa sababu pande zote mbili, ule wa utamaduni alikosimama Schrader na ule wa umbo waliko Thompson na Bordwell, zinaitazama fani. Zinapotofautiana ni mahali pa kutafuta chanzo chake.

Upande wa utamaduni una hoja nzito. Mtazamaji asiyejua uzito wa binti kumwacha baba mjane peke yake anaweza kuona usiku ule ni usiku wa kawaida tu. Hata hivyo, upande huu huchoka mapema: ukishapata neno kama “Zen”, huacha kutazama. Chukua kamera ya Ozu, ambayo huwekwa chini sana. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba inafuata macho ya mtu aliyeketi kwenye mkeka. Kama ni hivyo, mbona inabaki chini hata ofisini, ambako watu wamekaa kwenye viti, na hata barabarani, ambako wanatembea? Shigehiko Hasumi, Mjapani mwenyewe, alipoandika juu ya Ozu mwaka 1983 aliupinga usomaji huo wa “Ujapani” wa kudumu, akatukumbusha jambo lililo wazi kwa yeyote mwenye macho: katika filamu hizi jua huwaka karibu kila siku, wala hakuna ule ukungu na mvua vinavyodhaniwa kuwa ndio Ujapani.

Upande wa umbo nao una upofu wake. Tangu Barry Salt alipopendekeza mwaka 1974 kwamba mitindo ya filamu ichunguzwe kwa takwimu, wako wanaopima urefu wa kila shoti, yaani kipande cha picha kisichokatizwa, na kutafuta wastani. Kazi hiyo ni ya manufaa, lakini filamu mbili zinaweza kuwa na wastani uleule ilhali moja inakwenda kwa mwendo sawa na nyingine inalala kisha inakurupuka. Kubwa zaidi, wafuasi wa umbo huelekea kuifanya Hollywood kuwa kipimo, na kila kinachofanywa kwingine kinageuka kuwa ukiukaji wa kanuni ambayo pengine mwongozaji hakuwa akiifikiria.

Afrika nayo imesomwa hivyohivyo. Mwendo wa filamu za Ousmane Sembène, mwongozaji wa Senegal, huhusishwa mara nyingi na usimulizi wa magrioti, wasimulizi wa jadi wa Afrika Magharibi, naye mwenyewe alijifananisha nao. Lakini ufundi wa kamera alikwenda kujifunza Moscow mwaka 1962, chini ya mwongozaji wa Kisovieti Mark Donskoy. Anayetaja grioti na kuinyamazia Moscow anasimulia nusu ya habari.

Kwa maoni yangu, kazi ianzie kwenye shoti yenyewe, kisha iende kwenye historia kabla ya kwenda kwenye “roho ya taifa”. Filamu ile ya mwaka 1949 ilitengenezwa Japani ikiwa chini ya ukaliaji ulioongozwa na Marekani, ulioanza 1945 na kwisha 1952, wakati miswada ya filamu ilikaguliwa na maofisa wake. Binti huyohuyo anapoendesha baiskeli kuelekea ufukweni, anapita kando ya kibao cha Coca-Cola. Hayo yanaweza kuhakikiwa kwa nyaraka na kwa macho, jambo ambalo haliwezekani kwa roho ya taifa.

Tatizo ni kwamba njia hii huwapendelea wenye hifadhi za nyaraka na filamu, na hata Japani hifadhi hizo zina mapengo makubwa. Filamu ya kwanza kabisa ya Ozu, ya mwaka 1927, haina nakala inayojulikana kubaki. Kila anayeeleza mtindo wake ulianzia wapi anaanza na filamu ambayo hakuiona.