Kesi za pamoja Marekani: warekebishe malipo, mlango wauache wazi

Ukikaa Marekani miaka kadhaa lazima utapata ile imeili inayosema wewe ni miongoni mwa wahusika wa kesi dhidi ya benki fulani au kampuni ya simu, kesi ambayo hukuifungua na wala hukujua kama ipo, ukitaka chochote jaza fomu kabla ya tarehe fulani. Wengi wetu tunafuta tukidhani ni matapeli. Mara nyingi ni kweli kabisa, ni kazi ya Kanuni ya 23, ile inayoongoza kesi za pamoja kwenye mahakama za shirikisho, na ugomvi kuhusu namna ya kuirekebisha haujawahi kuisha tangu ilipoandikwa upya mwaka 1966.

Inavyofanya kazi ni hivi. Mtu mmoja au wawili wanafungua kesi kwa niaba ya wote walioumizwa kama wao, jaji anaangalia kwanza kama watu ni wengi mno kuwaunganisha mmoja mmoja, kama kuna swali linalowahusu wote, kama dai la mwakilishi linafanana na la wenzake, na kama yeye na wakili wake wataweza kuwatetea wenzake ipasavyo. Kwenye kesi za kudai hela kuna masharti mengine zaidi, lakini jaji akishapitisha tu basi umo ndani, labda uandike kwamba unajitoa. Kesi ya watu wawili inakuwa kesi ya watu milioni, na hapo ndo kampuni zinapoanza kupiga kelele.

Na kelele zao zina msingi, tusijifanye hatuoni. Kundi likishapitishwa kampuni inaangalia hesabu ya deni linaloweza kutokea na kuona bora ilipe yaishe, hata kama inaamini haina kosa, kwa hiyo kesi nyingi za aina hii zinaishia kwenye makubaliano bila mtu yeyote kuthibitisha kitu mahakamani. Halafu kuna mawakili. Mteja wao ni umati usioonekana, hakuna wa kumpigia simu kuuliza kulikoni, kwa hiyo wakili na kampuni wanaweza kukaa wakakubaliana kitu kinachowafaa wao wawili. Miaka ya tisini kuna kesi dhidi ya Bank of Boston ilimalizwa kwenye mahakama ya jimbo la Alabama, ilihusu hela za wateja wa mikopo ya nyumba zilizokuwa zinashikiliwa na benki kwenye akaunti zao. Mteja mmoja wa jimbo la Maine aliwekewa dola 2.19 kama haki yake, kisha akaunti hiyohiyo ikakatwa dola 91.33 kulipia mawakili walioshinda kwa niaba yake. Yani alishinda kesi akatoka na hasara, na mawakili wakaondoka na zaidi ya dola milioni 8.

Kisa hicho kilitajwa sana Kongresi ilipopitisha sheria ya 2005 iliyosainiwa na George W. Bush, sheria iliyohamishia kesi kubwa za pamoja mahakama za shirikisho: watu 100 au zaidi, madai yazidi dola milioni 5, na angalau mhusika mmoja atoke jimbo tofauti na mdaiwa. Watetezi wa walaji waliipinga kwa sababu kampuni zilikuwa zinakimbia mahakama za majimbo zenye huruma, na kwa sehemu walikuwa sahihi. Ila ndani yake kuna kipengele kizuri ambacho hakisemwi sana: makubaliano yakiwa ni ya kugawa kuponi za punguzo badala ya hela, malipo ya wakili yanayotokana na hizo kuponi yanapigiwa hesabu kwa zile zilizotumika kweli, sio zile zilizochapishwa. Shikeni hilo, nitalirudia.

Sasa upande wa pili. Chukua kesi ya AT&T iliyofika Mahakama ya Juu mwaka 2011. Mume na mke California waliambiwa simu ni ya bure, wakatozwa kodi ya dola 30.22. Nani ataenda kwa wakili kwa dola 30? Hakuna, na kampuni inajua hakuna. Ukizidisha hizo 30 kwa wateja wote waliotozwa ndo unaona hela iko wapi, na njia pekee ya kuifuata ni watu kwenda pamoja. Lakini kwenye mkataba, kwenye yale maandishi madogo tunayobofya nakubali bila kusoma, kuna sharti kwamba ugomvi wowote utaenda kwa msuluhishi binafsi badala ya mahakamani, na kila mtu aende peke yake. California ilikuwa inalikataa sharti la namna hiyo kwenye mikataba ya walaji. Mahakama ya Juu kwa kura 5 dhidi ya 4 ikasema sheria ya usuluhishi ya 1925 inaizidi nguvu California, na mwaka 2018 ikaruhusu sharti hilohilo kwenye mikataba ya ajira.

Kwangu mimi hilo ndo badiliko kubwa kuliko yote na halikupita kwa wanaoandika Kanuni ya 23. Kanuni iko palepale, ila kampuni inaweza kukutoa kwenye kanuni kabla hujaumizwa. Shirika la serikali la kulinda walaji kwenye mambo ya fedha lilijaribu kulizuia sharti hilo kwa mabenki na wakopeshaji mwaka 2017, Seneti ikaifuta kanuni yao Oktoba kwa kura 51 kwa 50, Makamu wa Rais Mike Pence akipiga ya kuamua. Hiyo ilikuwa wiki chache tu baada ya Equifax, kampuni inayotunza rekodi za mikopo ya watu, kutangaza kwamba taarifa za watu wapatao milioni 143 zimeibiwa, idadi iliyokuja kupanda hadi milioni 147!

Na Equifax yenyewe inafaa kutazamwa kwa karibu kwa sababu inaumiza pande zote mbili. Makubaliano ya 2019 yalisema ukiwa tayari una huduma ya kufuatilia rekodi yako ya mikopo unaweza kuchagua dola 125 taslimu badala ya kupewa huduma hiyo bure. Watu wakakimbilia. Kumbe mfuko wa hiyo hela ulikuwa dola milioni 31, piga hesabu, zinatosha watu 248,000 hivi kati ya milioni 147. Serikali yenyewe ikabidi iwaambie watu wachukue ile huduma, maana hela itakuwa kidogo sana.

Anayetaka kufuta kesi za pamoja atasema si mnaona, ni kiini macho. Mimi naona kitu kingine. Mwaka huohuo tume ya biashara ya serikali kuu ilitoa utafiti wake kuhusu makubaliano yanayotaka mtu ajaze fomu, na kiwango cha kati cha waliojaza kilikuwa asilimia 9, tena wastani unaopimwa kwa ukubwa wa kesi ni 4 tu. Tatizo liko hapo, hela haifiki. Na mara nyingi benki inayodaiwa ina namba za akaunti za wateja wote waliokatwa, ilijua kuwakata bila fomu, kwa nini kuwarudishia ndo itake fomu?

Ndo maana muswada wa 2017, ule uliopita Baraza la Wawakilishi kwa kura 220 kwa 201 ukafia Seneti, ulinikera. Ulikuwa na kitu ninachokitaka: wakili alipwe baada ya watu kulipwa, kwa asilimia ya kilichowafikia mkononi. Ni lile wazo la kuponi likipanuliwa hadi kwenye taslimu. Lakini wakaufunga pamoja na sharti kwamba kila mmoja kwenye kundi awe ameumia kwa aina na kiwango kilekile kama mwakilishi, na hapo umeua karibu kila kitu, maana nani ataumia sawasawa na mwenzake kwenye kesi ya watu elfu kumi? Marekebisho ya kanuni ya Desemba 2018 yalikuwa ya kiasi zaidi, taarifa ziruhusiwe kwa njia za kielektroniki, na anayepinga makubaliano asilipwe chinichini ili aondoe pingamizi bila jaji kuidhinisha. Ni hatua nzuri, ila hazigusi malipo.

Kuna suala gumu ambalo nakiri wafanyabiashara wana hoja, watu wasioumia. Kwenye kesi ya 2021 ya TransUnion, kampuni nyingine ya rekodi za mikopo, wateja 8,185 rekodi zao zilikuwa na alama kwamba huenda wapo kwenye orodha ya serikali ya magaidi na wauza unga, eti majina yanafanana. Mahakama ikasema wenye haki ya fidia ni wale 1,853 ambao rekodi zao zilitumwa kwa watu wengine, waliobaki hawajaumia. Naelewa mantiki ya kutolipa asiyepata madhara. Lakini ukiwa na jina la Mohamed au Abdallah unajua kwamba faili lenye uongo huo ni hatari kabla halijafunguliwa na mtu, na majaji wanne waliopinga waliliona.

Jambo la mwisho linatuhusu moja kwa moja tulioko huku. Juni 2025 Mahakama ya Juu iliwabana majaji wa chini wasitoe amri za kuzuia sera ya Rais nchi nzima, kesi ikihusu amri ya Trump ya kuwanyima uraia watoto wa wazazi wasio na karatasi au walioko kwa muda, mfano kwa viza ya masomo. Tarehe 10 Julai jaji wa New Hampshire akapitisha kundi la watoto hao kwa muda na kuizuia amri kupitia Kanuni ya 23 hiyohiyo. Kuna hoja ya haki kwamba jaji mmoja asiwe na nguvu kiasi hicho, na kundi angalau lina masharti ya kutimiza. Lakini kesi hiyo haina kuponi wala fomu, hamna asilimia ya hela iliyofika, kuna vichanga tu, na sharti la kila mtu aende peke yake lingewataka wazazi wao watafute wakili mmojammoja, tena waende kuwataja wenyewe mbele ya serikali ambayo baadhi yao wanaikimbia.