Shahidi Husubiri Kuitwa?

Neno letu "shahidi" linabeba maana zote mbili za "martys" ya Kigiriki: anayetoa ushahidi, na anayeuawa kwa ajili ya imani. Wakristo wa kwanza walivutana hapo hapo. Shahidi husubiri kuitwa, au hujipeleka?

Kanisa la Smirna lilijibu kwa uchungu wa yaliyolipata. Barua yake kuhusu kifo cha askofu Polikarpo, katikati ya karne ya 2, inamtaja Kwinto wa Frigia, aliyejipeleka mwenyewe na kuwavuta wengine. Alipowaona wanyama wakali akaishiwa nguvu, liwali akambembeleza, akaapa na kufukiza ubani, yaani akaikana imani. Barua inasema wazi kwamba wanaojitoa hawasifiwi. Polikarpo mwenyewe alihamia shamba moja, kisha la pili. Alipofikiwa hapo, akakataa kukimbia tena.

Tertuliani, mwandishi Mkristo wa Karthago, Afrika Kaskazini, hakukubali. Kama mateso yametoka kwa Mungu, unamkimbia nani? Ruhusa ya Mathayo 10:23, ya kukimbilia mji mwingine, kwake iliwahusu mitume tu. Hoja hii isipuuzwe: anayekimbia hakosi sababu nzuri.

Amri ya Decius, kaisari wa Roma, ikavuruga hesabu zote. Mwaka 250 kila mtu alitakiwa kutoa dhabihu kwa miungu na kupata cheti. Vyeti hivyo vimepatikana Misri kwenye mafunjo: jina, kijiji, umri, hata kovu la kwenye nyusi; kisha tamko kwamba mhusika amemimina kinywaji, ametoa dhabihu na kuionja, na saini za wasimamizi. Wapo Wakristo waliohonga wakapewa cheti bila kugusa ubani. Kati ya kufa na kukana pakapatikana mlango wa uani.

Miongoni mwa waliopima toba ya hao alikuwa Sipriani, askofu wa Karthago, ambaye mwenyewe alikuwa amejificha. Alijitetea kwamba kuwepo kwake kungechochea ghasia, na mali yake ilitaifishwa. Sawa, lakini maficho yanataka marafiki na fedha. Mkulima wa kijijini angejificha wapi?

Hata hivyo, woga si neno linalomfaa. Mwaka 258 alipotakiwa kupelekwa kwa liwali katika mji wa Utica alijificha tena, kwa kuwa alitaka kukiri mbele ya waumini wake mwenyewe. Liwali aliporudi Karthago, naye akarudi. Alikatwa kichwa tarehe 14 Septemba, akiwa ameagiza mnyongaji apewe sarafu 25 za dhahabu.