Mbilimembilima

Jumanne iliyopita mama yangu nusura amwite mtu mwizi pale bandarini Nansio. Mwenye kosa alikuwa amejilalia zake hapa Nyegezi, bando limejaa.

Mpwa wangu alimpakilia bibi yake kiroba cha mchele kwenye meli ya Ukerewe, kisha akamtumia meseji: "Xkmoo bibi, 2me2ma mzigo na meli ya leo, kapokee, 2po pamoja." Kwake kazi imeisha. Mama akavaa miwani. Neno la kwanza aliliruka akidhani ni tangazo, halafu akasoma kwa sauti kama anavyosoma kila kitu, kuanzia Biblia hadi karatasi ya dawa: "Mbilimembilima mzigo." Mama ana darasa la saba na mwandiko mzuri kuliko wangu, ila Kiingereza hawajawahi kusalimiana. Akaona mbili, akaona mbili nyingine, akaona mzigo. Akaenda bandarini kuchukua mizigo miwili. Kuli akamshushia kiroba kimoja. Mama akadai cha pili, kuli akaapa kwa marehemu baba yake. Mzee mmoja akaombwa asome naye. Akakuna kichwa, akasema kwa anavyoona yeye huenda mizigo ni minne.

Nilicheka mpaka machozi. Halafu hasira zikaja.

Tunasema vijana wanafupisha Kiswahili. Wanakifupisha wapi? Ili "2" iwe "tu", lazima kwanza uende Uingereza, uitamke kwa jina lake la huko, ndipo urudi Mwanza. "Cjui" nayo ni hivyo hivyo: hiyo "c" ni "si" kwa aliyeimba ABC ya Kizungu tu. Jamani, Kiswahili kinasomeka kama kilivyoandikwa! Mama yangu alikaa kwenye benchi akaimba ba-be-bi-bo-bu, na kwa silabi hizo akasoma gazeti, risiti ya pamba na wito wa baraza la ardhi bila kumwomba mtu msaada. Leo mjukuu wake anamwandikia Kiswahili kinachodai Kiingereza mlangoni, halafu eti bibi "hajui mambo ya simu". Amejua vizuri sana. Amesoma kilichoandikwa, herufi kwa herufi.

Sawa, na siyasemi haya kwa furaha: sisi ndio tuliowaonyesha njia. Enzi za kitochi na vocha ya kukwangua, meseji moja ilikuwa herufi 160 pamoja na nafasi. Ukizidisha, umelipia ya pili. Kipimo hicho kilipangwa Ulaya miaka ya 1980. Mjerumani mmoja, Friedhelm Hillebrand, alikaa akahesabu herufi za sentensi za kwao, akaona 160 zinatosha. Hakuna aliyemnong'oneza kuwa kuna lugha ambayo "tutawasiliana" peke yake inakula 13. Na hiyo "x" inayowatesa walimu ilikuwa na hesabu yake. Kwenye kitochi "s" ilikaa kwenye 7, unabonyeza mara nne. "X" ilikaa kwenye 9, mara mbili. "Sasa" ilinigharimu mibonyezo kumi, "xaxa" sita. Kidole gumba changu kilikuwa na utetezi. Mpwa wangu anatumia simu ya kioo, "s" imekaa ubavuni mwa "a", inaguswa mara moja. Yeye anaiacha, anashuka mstari wa chini kuifuata "x". Anabana nini?

Vikatuni vya emoji sina ugomvi navyo. Kuchanganya Kiingereza, tutagombana siku nyingine. Ujumbe wa sauti niliuchukia kwa muda mrefu, mtu mzima unashikilia simu mdomoni kama unauma muhogo, lakini mama amenishinda. Ananirekodia dakika nne za Kikerewe, lugha ambayo hajawahi kuniandikia hata mstari mmoja. Nyuma kuku wanalia, katikati anapita jirani, anasalimiwa, anaulizwa hali ya mguu, ndipo narudiwa mimi. Juzi nilisikiliza mmoja ndani ya daladala nikapitiliza Buzuruga.

Na hiyo "Xkmoo". Hata kwenye kitochi, na vocha imebaki shilingi mia, sikuwahi kuthubutu. Shikamoo ina magoti ndani yake. Unapigaje nusu goti?

Nilimpigia mpwa wangu, nikamwambia amwombe bibi yake radhi leo leo, na yule kuli apelekewe chochote. "Sawa anko, naandika sasa hivi."

Saa mbili usiku mama akapiga.

"Mwanangu, kuna mtu ananiandikia. Ameweka alama ya kosa, kama ile ya mwalimu, halafu 'amahani bibi'. Hebu niambie, huyu Amahani ni mtoto wa nani?"