Jumapili ya dada wa kazi

Ukikaa viti vya mbele katika Kanisa la Anglikana la Mkunazini, mjini Zanzibar, ile alama ya duara karibu na altare huikwepi. Waongoza watalii wakifika pale hushusha sauti: hapa ndipo watumwa walipokuwa wakichapwa. Soko la watumwa lililokuwa hapo lilifungwa Juni 1873, baada ya Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, kutia saini mkataba kwa shinikizo la Waingereza, na Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Kuna na zile nguzo zilizosimikwa kichwa chini, miguu juu. Wageni huzipenda hizo kuliko mahubiri yetu yote.

Watumwa wa enzi ile tunajua kuwalilia. Ninachouliza ni nani anayepika nyumbani wakati sisi tuko ibadani.

Wengi wetu Wakristo wa mjini tuna dada wa kazi kutoka bara, naye mara nyingi ni Mkristo mwenzetu. Jumapili ndiyo siku yake ngumu kuliko zote, maana wageni huja baada ya misa. Sisemi ni mtumwa. Hana minyororo, na boti za Dar zinaondoka kila siku. Lakini nauli anayo nani? Nasikia mabosi wakisema, "Mshahara wako nakuwekea, usije ukaupoteza." Unawekwa mwaka mzima. Siku anayotaka kurudi kwao, hesabu inaanza kukatwa: sahani zilizovunjika, dawa ya malaria, vocha za simu. Waraka wa Yakobo, sura ya 5, unasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele. Kwetu kelele hizo zinatoka jikoni, na redio ya kwaya inazifunika.

Matangazo ya kanisani nayajua kwa moyo: zaka, mchango wa paa, harusi, semina ya vijana. Sijasikia hata mara moja mzee wa kanisa akituuliza kama tumewalipa wa nyumbani. Mtu akiishi na mwenzake bila ndoa anatengwa na meza ya Bwana. Akikalia mshahara wa mtoto wa watu anapewa usomaji wa somo la pili.

Na mimi nimo. Mwezi uliopita ndipo nilipomuuliza dada wa kwangu anasali wapi. "Kwetu ni Walutheri," akajibu, akiendelea kumenya vitunguu. Alikuwa kwangu mwezi wa saba, na kanisani alikuwa hajaingia.

Jumapili iliyofuata alikwenda. Pilau nilipika mimi. Iliungua chini, wageni wakala kimyakimya.