Stendi kuu au njia panda: fedha za vituo vya abiria Kusini zianzie wapi?

Kila bajeti za halmashauri zinapoanza kuandaliwa, swali hili hurudi Mtwara na Lindi: fedha kidogo iliyopo ya vituo vya abiria itumike wapi kwanza? Wapo wanaotaka iende stendi kuu, kwenye watu wengi na makusanyo. Wapo wanaotaka iende kwenye vituo vya njiani, ambako abiria husubiri gari juani na mvuani bila hata benchi. Mimi niko na hawa wa pili. Lakini wale wa kwanza wana hoja nzito, na anayezipuuza hajawahi kukaa na mweka hazina wa halmashauri akamsikiliza.

Tuanze na hoja yao. Stendi kuu ni chanzo cha mapato ya ndani. Gari likiingia linalipa ushuru, fremu za maduka zinalipa kodi, choo kinalipiwa. Stendi ikichakaa, mabasi huanza kupakia nje kwenye vituo vya mafuta na mbele ya ofisi za tiketi, na halmashauri inakosa fedha ambayo ingejenga hata hivyo vituo vidogo tunavyovidai. Halafu kuna suala la usiku. Tangu Oktoba 1, 2023 mabasi ya mikoani yameruhusiwa kusafiri saa 24, na Dar es Salaam hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 550. Basi lililoondoka Dar jioni linamshusha mtu alfajiri na mapema, pengine na watoto na mizigo, katika mji asioufahamu. Stendi kama ya Mkanaledi pale Mtwara ikikosa taa, mlinzi au mahali pa kukaa hadi kupambazuke, wanaoumia ni wengi kwa mara moja. Hoja hiyo naikubali yote. Taa, ulinzi na choo safi katika stendi kuu havipaswi hata kuingizwa kwenye foleni ya vipaumbele. Hivyo ni matengenezo ya kawaida, vilipiwe na ushuru unaokusanywa pale pale getini.

Ninapoachana nao ni pale wanapoendelea kudai jengo jipya, ghorofa ya fremu na lango la kupendeza, kwa sababu tu "watu wengi wako pale". Wingi wa vichwa ni kipimo kimoja, tena si kizuri kikitumika peke yake.

Miji yenye treni imebishana juu ya hili kwa miaka mingi kabla yetu, na kuna la kujifunza. New York ina vituo 472 vya treni ya mjini, na vingi vyake vilijengwa bila lifti. Baada ya kesi zilizofunguliwa na watu wenye ulemavu, mamlaka ya usafiri ya huko ilikubali mwaka 2022 kwamba asilimia 95 ya vituo visivyofikika kwa urahisi vitafanyiwa marekebisho ifikapo mwaka 2055. Vituo vyote haviwezi kujengwa kwa pamoja, kwa hiyo ilibidi wachague. Katika mpango wao wa uwekezaji wa 2020 hadi 2024 hawakuangalia vituo vyenye abiria wengi peke yake. Waliweka lengo kwamba abiria popote alipo asiwe zaidi ya vituo viwili kutoka kituo chenye lifti. Kwa kipimo hicho, kituo kidogo kilicho katikati ya eneo lisilo na lifti kabisa kinaweza kutangulia kikubwa ambacho kituo chake jirani tayari kina lifti.

Chicago inafundisha kwa namna nyingine. Kituo cha 95th, mwisho wa njia nyekundu upande wa kusini wa jiji, kilijengwa upya na kukamilika mwaka 2019 kwa gharama ya takriban dola milioni 280. Abiria wengi wa pale hawakai jirani na kituo. Wanafika kwa mabasi kutoka mitaa ya mbali ambako njia hiyo haijafika, kisha wanapanda treni. Uzito wa kituo kile ni kwamba ndipo safari mbili zinapounganika, na anayekosa kuunganisha pale hana pengine pa kwenda. Nami nasema kipimo cha Kusini kianzie hapo: tutafute mahali ambapo abiria analazimika kushuka gari moja na kungoja jingine, bila njia mbadala.

Kwa kipimo hicho, mahali pa kwanza ni Mnazi Mmoja.

Anayepita haraka na basi la moja kwa moja anaiona Mnazi Mmoja kama vibanda vya biashara na wachuuzi wa korosho wanaokimbilia madirisha. Ile ni njia panda ya Kusini. Barabara ya Mtwara, ya Lindi na Dar es Salaam, na ya Masasi zinakutana pale. Mtu wa Mtama anayetaka kwenda Mtwara, mtu wa Masasi anayefuata shauri lake Lindi, mwanafunzi anayerudi shule, mfanyabiashara mwenye viroba viwili vya dagaa: wengi wao wanashuka pale na kusubiri. Konda anafungua buti, mizigo inashushwa kando ya lami, basi linaondoka. Kuanzia hapo ni kusimama, macho barabarani, kuuliza kila Coaster na kila Noah inayopunguza mwendo kama ina nafasi. Mvua ikianza, watu hujibanza kwenye kibaraza cha duka la mtu, na mwenye duka akitaka kufunga wanahama. Mama mwenye mtoto mchanga anaomba kiti kwa muuza chai. Choo ni cha kuomba kwa hisani. Na usiku, basi likikushusha saa tisa, kimbilio lako ni mwanga wa kibanda ambacho mwenyewe hajafunga.

Watetezi wa stendi kuu wanasema watu wa pale ni wachache. Tuchukue mfano wa kukadiria tu. Abiria 100 wakisubiri dakika tano tano stendi kuu kabla ya kupata bajaji, jumla ni dakika 500. Abiria 20 wakisubiri saa nzima njia panda, jumla ni dakika 1,200. Hesabu ya vichwa inaipa ushindi stendi kuu. Hesabu ya muda ambao watu wanauishi pale inaipa njia panda. Na yule wa stendi kuu amezungukwa na hoteli, nyumba za kulala wageni na bajaji tele, wakati huyu wa njia panda anachotegemea ni gari ambalo hajui litatokea saa ngapi.

Kwa nini basi Mnazi Mmoja haipandi juu ya orodha? Kwa maoni yangu ni kwa sababu ya mipaka. Ardhi ni ya Lindi, lakini sehemu kubwa ya wanaosubiri pale ni wa Mtwara, Masasi, Newala, hata Tunduru. Diwani wa Lindi ana haki ya kuuliza kwa nini fedha ya wapiga kura wake ijenge kivuli cha watu wa mkoa mwingine, na diwani wa Mtwara hawezi kupeleka mkandarasi nje ya halmashauri yake. Mapato nayo yanafuata mkondo huo huo: ushuru unakatwa kwenye stendi safari inapoanzia na inapoishia, wakati ile saa ya kusubiri katikati haimwingizii yeyote chochote, hivyo haionekani kwenye kitabu chochote. Suala hili lingefaa kubebwa na sekretarieti za mikoa yote miwili zikikaa pamoja na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na TANROADS, wakala wa barabara, kila halmashauri inayonufaika ikichangia kiasi.

Baada ya Mnazi Mmoja ningeweka vituo vya hospitali na vivuko. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iko Mitengo, nje ya katikati ya mji wa Mtwara, na inategemewa na wagonjwa wa Mtwara, Lindi na Ruvuma. Anayefika pale kwa gari la abiria mara nyingi ni mtu asiye na nguvu za kusimama, au ndugu aliyebeba chakula cha mgonjwa. Kituo kinachomfaa ni kidogo sana: paa, benchi lenye egemeo, sakafu iliyoinuliwa kidogo na mserego wa kiti mwendo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka huduma za umma zifikike, na sioni mahali pa kuanzia kuitekeleza panapozidi mlango wa hospitali. Vivuko navyo, Msemo kwenda Msangamkuu kwa upande wa Mtwara na Lindi kwenda Kitunda, vina abiria ambao wakikosa chombo hawana la kufanya ila kungoja.

Kilwa napo pasisahaulike. Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi eneo la Somanga, na wasafiri wakakwama njiani. Nangurukuru, njia panda ya Kilwa Masoko na Liwale, ingekuwa na ukumbi wa abiria na maji, watu wangesitirika.

Pingamizi kali zaidi dhidi ya msimamo wangu linahusu utunzaji. Vibanda vya abiria vya barabarani tumeviona. Mwaka wa kwanza vinang'aa. Baadaye bati linang'olewa, betri ya taa ya sola inaibiwa, benchi linageuka meza ya kuuzia mihogo, na abiria anarudi kusimama juani. Stendi kuu angalau ina meneja. Hili ni kweli, na ndiyo sababu sipendekezi vibanda kumi vitawanywe ili kila kata ifurahi. Ningejenga vichache, na kila kimoja kikabidhiwe kwa watu wanaoishi nacho: kikundi cha akina mama lishe au vijana wa bodaboda wa pale wapewe mkataba wa kuendesha choo na kioski, na sehemu ya mapato iwe ya usafi na ukarabati. Mnazi Mmoja ina biashara ya kutosha kulibeba jambo hilo. Mitengo ina wahitaji kila siku. Kituo kisichoweza kupata mlezi wa namna hiyo kisubiri, hata kama kina abiria.

Upo upande mwingine wa kuangalia, nao ni historia yetu wenyewe. Kusini iliwahi kuwa na reli. Ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea, ikafikishwa bandari ya Mtwara, na mwaka 1962 ikafungwa kwa kukosa mzigo. Leo Mtwara ina kata iitwayo Reli, lakini hakuna treni. Vituo vile vilipangwa kwa kufuata karanga zilizotarajiwa kuvunwa, na karanga zilipokosekana havikuwa na kazi kubwa kwa wenyeji. Sasa upo mpango wa reli ya kisasa kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye urefu wa takriban kilomita 1,000, ikilenga pia makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Ikijengwa, mjadala wa kituo kipi kiwe wapi utakuja kwa kasi, na mwenye makaa atasikika kuliko mwenye kiroba. Tukiwa tumeshazoea kupima mahali watu wanapoungana na muda wanaosubiri, tutakuwa na la kuweka mezani.

Takwimu hizo hazihitaji mshauri mwelekezi. Msimu wa korosho unaoanza Oktoba ndio wenye msongamano mkubwa wa wasafiri Kusini. Wahitimu wachache wa vyuo vyetu, wakiwa na daftari na saa, wanaweza kukaa Mnazi Mmoja, Mitengo, Msemo na Mkanaledi, wakaandika nani ameshuka, anakwenda wapi na amesubiri dakika ngapi, mchana na usiku. Kazi hiyo ikikamilika Desemba, madiwani wa pande zote mbili watakuwa nayo mikononi kabla hawajapitisha bajeti inayofuata.